Podo niliyoiokoa Gangilonga: mizizi ina vidude vya mviringo na upande mmoja hauna jani. Nifanyeje iwe bonsai?

Fundi Nuru, Iringa

Habari zenu wapenda miti, na kamwene kwa wa huku kwetu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kihesa. Bonsai, yaani miti inayolelewa mifupi kwenye vyungu, nilianza na mkuyu mdogo niliouchomoa kwenye ufa wa ukuta, halafu nikaongeza mkwaju na mkomamanga. Hiyo ni miti inayosamehe. Ukiikata vibaya leo, mwezi ujao imeshachipua. Sasa nimepata podo ya umri mkubwa na sitaki kuifanyia majaribio, ndiyo maana nauliza kabla sijaigusa.

Nyumba moja ya zamani Gangilonga ilikuwa na ua wa podo upande wa barabarani. Mwenye kiwanja anajenga fremu za maduka, kwa hiyo ua wote ulikuwa unang'olewa uwe kuni. Nilimwomba shina moja, akaniambia nichague. Nikachukua la kwenye kona, kwa sababu lilikuwa limekaa peke yake na mizizi yake haikusukana na ya wenzake. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zimeshalainisha ardhi. Mimi na mdogo wangu tulichimba mfereji kuzunguka shina, mizizi minene tukaikata kwa msumeno badala ya panga, tukaufunga mti pamoja na udongo wake kwa viroba vilivyoloweshwa na kuupakia kwenye kirikuu. Mzizi mkuu ulikuwa umeshuka wima kwenda chini, huo tuliukata.

Shina nimelipima kwa futi yangu ya kushonea: mzunguko ni sentimita 46 pale linapoingia ardhini. Kimo chake sasa ni sentimita 80. Ua ule ulipunguzwa kwa panga miaka na miaka kwa usawa uleule, kwa hiyo mti umenenepa chini, umejaa vifundo na makovu, na juu ya goti unagawanyika matawi matatu. Gome linabanduka kwa vipande virefu vyembamba. Kwa kweli sijawahi kuona shina zuri namna hii kwenye mti mfupi, na kila mteja anayeingia kibandani namwonyesha picha kabla sijampima.

Kwa sasa uko kwenye boksi la mabanzi lenye matundu chini. Katikati kuna udongo wake mwekundu kama ulivyokuja nao, pembeni nimejazia mchanga wa Ruaha Mdogo. Uko kibarazani, unapata jua la asubuhi tu. Tangu wiki iliyopita kwenye ncha za matawi zimeanza kutoka chipukizi za kijani laini.

Yanayonisumbua ni haya. Tulipokuwa tunakata mizizi niliona ile myembamba yote imebeba vidude vya mviringo, vimejipanga kwa mistari kama shanga ndogo zilizotungwa. Nalima nyanya nyuma ya nyumba na minyoo fundo naifahamu. Jirani yangu anayeuza pembejeo anasema nitoe mti kwenye boksi, nikate mizizi yote yenye vidude na kumwaga dawa ya minyoo kabla haijahamia kwenye nyanya. Sijafanya hivyo bado, moyo unakataa.

Halafu upande uliokuwa umeelekea ukuta hauna jani hata moja, ni matawi matupu tangu chini. Je, podo inaweza kuchipua kwenye tawi tupu la zamani namna hiyo, au upande huo nihesabu umekwenda?

Tena kuna kisiki cha tawi kilichokufa zamani, kinene kuliko mkono wangu. Nimeona picha za bonsai ambazo sehemu iliyokufa imeachwa nyeupe na inapendeza sana. Nikiache au nikikate? Na lini ninaweza kuuhamishia kwenye trei?

Kijana wa Makete

Dada Nuru, hongera sana. Podo iliyotoka uani haina shida, una ruhusa ya mwenye mali na ilikuwa inakwenda kuchomwa. Wengine mnaosoma hapa msije mkachukua jembe na kupanda mlimani. Podo za kwenye misitu ya hifadhi ni za kuachwa pale zilipo, na TFS, wakala wa misitu wa serikali, wakikukuta nayo kwenye kiroba maelezo ya bonsai hayatakusaidia. Podo imeshakatwa mno kwa ajili ya mbao, zilizobaki msituni ni chache.

Langu lingine ni baridi. Huku Makete mwezi wa sita na wa saba maji yanaganda kwenye beseni nje. Iringa mjini hamfiki huko, lakini mti ulio kwenye boksi mizizi yake haijafunikwa na ardhi, baridi inaingia kutoka pande zote. Ukifika Juni ushushe boksi chini kwenye udongo, usiliache juu ya meza. Agosti nao upepo wa Iringa unaujua mwenyewe. Unakausha majani kuliko jua.

Mzee wa Kitalu, Tukuyu

Binti yangu Nuru, salamu kutoka Tukuyu. Nimesoma habari yako mara mbili na nimefurahi, hasa hapo uliposema moyo unakataa. Moyo wako uko sahihi. Mizizi hiyo usiikate, na dawa ya minyoo usiimwage.

Mimi nimeshika miche ya podo karibu maisha yangu yote ya kazi, kwanza kwenye mashamba ya chai na sasa kwenye kitalu changu. Kila mche wa podo unaotoka kwenye kiriba ukiusafisha mizizi utakuta hivyo vidude. Ndivyo ilivyoumbwa. Minyoo fundo inavimbisha mzizi wenyewe, unakuwa na manundu makubwa na madogo bila mpangilio, na mara nyingi mwishowe unaoza. Vya podo ni vidogo, vinalingana, vimepangwa kwa mistari pembeni mwa mzizi, na mzizi wenyewe unabaki mwembamba na mzima. Ukichukua kimoja ukakibonyeza kwa kucha, kinakuwa kigumu kidogo na cheupe ndani. Mtu akishaona vyote viwili hawezi kuvichanganya tena.

Na vina kazi. Ndani yake wanaishi kuvu wazuri wanaoushirikisha mti chakula, hasa fosforasi. Udongo wetu mwekundu wa nyanda za juu una fosforasi, lakini chuma kilichomo kinaishikilia na mizizi peke yake haiipati kwa urahisi. Kuvu hao wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanafika mahali mzizi haufiki, wanaleta. Mti nao unawapa sukari. Kwa hiyo ungekata mizizi hiyo yote, ungekuwa umeukata mti mikono na kuwafukuza wapishi wake kwa mpigo mmoja. Kwa sababu hiyohiyo usiuwekee mbolea ya DAP, ambayo ina fosforasi nyingi. Fosforasi ya dukani ikizidi, mti unaacha kuwalisha kuvu hao. Na siku utakapobadilisha udongo, hakikisha konzi mbili tatu za ule udongo wake wa Gangilonga zinaingia kwenye mchanganyiko mpya.

Sasa chipukizi. Najua zimekupa furaha, lakini bado usizitegemee. Podo, na miti ya jamii yake karibu yote, ina akiba kwenye shina. Inaweza kutoa majani mapya kwa akiba hiyo hata kama chini hakuna mzizi mmoja ulioanza kukua. Vilevile inaweza kubaki ya kijani miezi mingi huku imeshakufa. Nimeona watu wanahamisha podo, wanasherehekea Januari, Agosti inakauka yote kwa pamoja na wao wanalaumu jua. Alama ya kweli ni chipukizi za awamu ya pili, zile zitakazotoka baada ya hizi za kwanza kukomaa na kuwa kijani kizito. Mpaka uzione, kazi yako ni maji na kivuli tu. Usifunge waya wala kupogoa, na mbolea usitie. Usiutikise kuona kama umeshika, maana kila ukiutikisa unakata vimizizi ambavyo ndiyo kwanza vinatoka.

Maji nayo yana hatari kwenye boksi lako. Katikati una udongo wa mfinyanzi, pembeni una mchanga. Mchanga utakauka asubuhi na kukudanganya mti una kiu, kumbe katikati kumejaa maji hadi mizizi inakosa hewa. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke karibu na shina hadi katikati ya udongo, kiache humo. Kila asubuhi kichomoe na ukiweke mdomoni au shavuni. Kikiwa baridi na chenye unyevu, acha. Kikiwa kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini kwenye matundu. Majani yanyunyizie asubuhi na jioni siku zenye upepo, hayo hayatakuletea shida.

Kuhusu upande ulio wazi usikate tamaa. Hapa podo imewazidi wenzake. Msindano (paini) ukikata tawi nyuma ya majani ya mwisho, tawi hilo limekufa, basi. Mwangati karibu ni hivyohivyo. Podo inaweza kuchipua kwenye tawi la zamani lisilo na majani, tena chini kabisa, ikipata mambo mawili: nguvu na mwanga. Upande wako umekosa mwanga kwa sababu ya ukuta, hiyo ndiyo sababu yote. Mti ukishashika, usogeze mahali penye jua zaidi kidogo kidogo na ugeuze boksi robo mzunguko kila wiki, ili ule upande mtupu nao uone jua. Ukivumilia utaona vitone vya kijani vinatokeza kwenye gome, vidogo kuliko kichwa cha pini. Vikitoka usivichague mapema. Acha vyote viwe vijiti, chagua baadaye.

Ila nguvu ndiyo inayotangulia. Nguvu ya mti inatengenezwa kwenye majani, kwa hiyo majani uliyonayo upande ule mzima ni mtaji, usiyapunguze ili mti upate sura. Wengi wanaharibu hapo. Mti umetoka tu kukatwa mizizi, mtu anakata na matawi, anakunja na waya, anauingiza kwenye trei, yote mchana mmoja kwa sababu ameona video. Miti ya namna hii ipewe jeraha moja kwa msimu.

Trei usiifikirie mwaka huu, na mwakani pia usiifikirie. Novemba ijayo, kama nguvu ipo, fungua upande mmoja tu wa boksi. Ondoa udongo mwekundu wa upande huo kwa kijiti, taratibu, bila kuosha kwa mpira wa maji, kata ile mizizi minene iliyobaki ili nafasi yake ichukuliwe na myembamba, kisha jaza udongo mpya. Upande wa pili usiguse. Utaufungua msimu unaofuata au ule wa baada yake. Mti ukishajaza mizizi myembamba pande zote karibu na shina, trei inakuwa kazi ya saa moja.

Udongo mpya ndio jambo ambalo huku kwetu Mungu ametujalia. Ukitoka Uyole kuja Tukuyu, mahali barabara ilipokata kilima utaona tabaka la kokoto nyepesi za rangi ya majivu na manjano. Hayo ni matapishi ya volkano ya Rungwe ya maelfu ya miaka. Ukitia kokoto moja ndani ya maji inaelea. Imejaa vitundu, vitundu vinashika maji, na nafasi kati ya kokoto na kokoto inapitisha hewa. Wenye bonsai nchi nyingine wananunua kitu hiki kwa bei, sisi watoto wanakirushia ndege. Chekecha ubakize zenye ukubwa wa milimita 3 hadi 6, vumbi lote litupe kwa sababu ndilo linaloziba. Changanya sehemu mbili za kokoto hizo na sehemu moja ya magome ya msindano yaliyooza vizuri. Magome wewe uko karibu nayo kuliko mimi, pale Mafinga kwenye viwanda vya mbao yamelundikwa. Chukua ya chini ya rundo, ya zamani, yaliyokuwa meusi na hayanuki utomvu.

Kisiki nakiacha kwanza. Nipe picha nikione kimeingia kiasi gani kwenye shina.

Fundi Nuru, Iringa

Shikamoo Mzee wangu. Nimesoma maelezo yako nikiwa na mteja mbele yangu, akasubiri. Nashukuru mno. Jana jioni nilifukua kwa kidole pembeni mwa boksi, nikapata kimzizi kimoja tu, nikabonyeza kidude kwa kucha kama ulivyosema. Ni kigumu na cheupe ndani, na mzizi wenyewe mzima. Nimerudishia udongo. Dawa ya minyoo haitaingia kwenye boksi hili.

Kijiti nimeshachomeka. Asubuhi hii kimetoka na unyevu mwingi huku mchanga wa juu mkavu kabisa, kwa hiyo sijamwagilia.

Kisiki kiko nyuma, kama sentimita 20 kutoka ardhini, kinatoka nje kiasi cha shibiri moja. Kwa nje kigumu, lakini nikikigonga na mpini wa mkasi kinatoa sauti ya uwazi. Pembeni yake gome hai limeanza kukizunguka kwa mviringo mnene. Napenda sana ile sura ya mti mweupe uliokufa na upande mwingine hai. Inaonyesha mti umepitia mambo na bado upo.

Msafwa wa Ughaibuni

Dada Nuru, mimi kwetu Mbeya ila niko Uingereza nafanya kazi hospitali, na huku nimejiunga na watu wa bonsai. Nina mti wa jamii inayofanana kwa mengi na podo yako, unaitwa yew, kitaalamu Taxus baccata. Viwanja vya makanisa ya zamani huku umejaa, mingine inahesabiwa umri kwa karne nyingi. Wangu nao niliuokoa kwenye bustani ya mtu aliyekuwa anapanua nyumba, kwa hiyo nimesoma habari yako nikiuona wangu.

Aliyosema Mzee kuhusu kuchipua kwenye tawi la zamani ni sawa na kwa yew. Huku watu wanauchimba mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kabla ya kukua kuanza, wanauacha kwenye boksi la mbao mpaka uonyeshe nguvu, na udongo wa bustanini wanauondoa nusu kwa nusu. Hauvumilii maji yaliyosimama kwenye mizizi, huo ndio ugonjwa wake mkubwa. Tofauti moja ya kuangalia ni sumu: yew yote ni sumu, majani, gome, mbegu, isipokuwa ile nyama nyekundu inayozunguka mbegu. Ng'ombe na farasi wanakufa wakila matawi yaliyopogolewa. Na huohuo ukoo wake ndio uliotoa dawa ya saratani ninayoiona kila wiki kazini, paclitaxel, iliyopatikana kwanza kwenye gome la yew ya Marekani. Podo si ukoo mmoja na huu, lakini hata hivyo usimpe mbuzi matawi utakayokata.

Usidhani pia umeshika mti ambao hakuna aliyeujaribu. Ndugu ya podo yako wa Asia, Podocarpus macrophyllus, Wachina na Wajapani wanaulea kwenye vyungu tangu zamani, na Afrika Kusini wanatumia podo za kwao. Podocarpus latifolius, ambayo inamea pia kwenye misitu yetu ya kusini, ndiyo mti wao wa taifa.

Kuhusu kisiki, kwenye yew ningekuambia kiache. Tunakichonga, tunakipaka mchanganyiko wa chokaa na salfa, kinakuwa cheupe na kinakaa miaka mingi, kwa sababu mbao ya yew ni ngumu na haiozi upesi. Wangu una ubavu mzima uliokufa, ndio uzuri wake. Ila mbao ya podo siifahamu vizuri, Mzee atusaidie.

Mzee wa Kitalu, Tukuyu

Ndaga fijo kijana wangu, umeeleza vizuri, na umeacha swali pale pale linapostahili kuachwa.

Nuru, marahaba. Nenda kwa fundi seremala yeyote hapo Iringa umuulize podo inafaa nini. Atakuambia inafaa dari, milango ya ndani, makabati, ina rangi nzuri na inalainika vizuri kwa randa. Muulize kama ataiweka nguzo ya uzio. Hatakubali. Podo ikikaa nje kwenye mvua na udongo inaoza na wadudu wanaiingia. Mwangati ndio unaochimbiwa nguzo. Kwa hiyo ile sura nyeupe mnayoipenda, kwenye yew inakaa, kwenye mwangati inakaa, kwenye podo inaoza na uozo unashuka ndani ya shina lako zuri. Sauti ya uwazi uliyoisikia ni kwamba kazi hiyo imeshaanza.

Siku ya kukikata itakuwa baada ya chipukizi za awamu ya pili, si sasa. Msumeno mkali, kata karibu na lile gome la mviringo linalokizunguka lakini usiliguse, hilo ndilo litakalofunga kidonda. Ondoa mbao yote iliyolainika kwa patasi mpaka ufike kwenye ngumu. Ukikuta shimo, lichonge kwa mteremko ili maji yatoke yenyewe, yasisimame. Kingo za gome zipake nta ya nyuki, shimo lenyewe liache wazi likauke. Utabaki na uwazi ubavuni, na kwa podo huo ndio utakaoonyesha kwamba mti umepitia mambo. Podo nyingi kubwa za msituni zina mapango ya namna hiyo chini. Ni sura yake ya kweli, kwa maoni yangu inapendeza kuliko kuivisha sura ya mti mwingine.

Na hilo linanileta kwenye umbo. Usijaribu kuifanya msindano wa Kijapani wenye matabaka. Jani la podo ni refu. Kwa jua zaidi na chungu kidogo litapungua, na majani ya mti mkomavu ni mafupi kuliko ya mche, lakini halitakuwa sindano. Kwa hiyo mti wako ubaki mkubwa, sentimita 70 au 80 hivyo hivyo ulivyo, matawi matatu yabaki yote, kila moja na kichwa chake cha majani. Kwa mbali jani halitaonekana limezidi shina. Ukiufupisha hadi sentimita 40, kila jani litakuwa kubwa kuliko mahali pake.

Waya utauhitaji kwa chipukizi za upande mtupu peke yake, zikiwa bado kijani na zinakunjika. Kununua wa bonsai si lazima. Chukua waya wa shaba wa umeme wa 2.5, uvue plastiki, uuweke kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, uache upoe. Utakuwa laini kabisa, na ukishaukunja unakuwa mgumu tena. Usikaze. Wakati wa masika uangalie kila wiki, tawi linanenepa haraka na waya ukizama kwenye gome la podo alama haifutiki.

Fundi Nuru, Iringa

Mzee, nimeelewa, na kisiki kimenitoka moyoni. Hata kwenye nguo ni hivyo, kitambaa kina mwelekeo wake, ukilazimisha kinavutika. Mbegu zilizokuwa zimeanguka chini ya podo kubwa mle uani zilikuwa zimekaa juu ya kitako chekundu chenye nyama. Nimefurahi kama ndiyo hiyohiyo ya msituni kwetu.

Naomba kujua mawili tu. Kokoto za Rungwe nikizitaka nitazipataje bila kusafiri, na nikipata je, nizibadilishe na ule mchanga wa pembeni sasa hivi?

Mzee wa Kitalu, Tukuyu

Mbegu juu ya kitako chekundu ni Podocarpus. Ile nyingine, Afrocarpus, mbegu yake imekaa peke yake kwenye kikonyo chembamba, haina hicho kitako. Kwa hiyo ndiyo, ni ya huku kwetu.

Kokoto nitakuchekechea kiroba kimoja, nitakipakia basi la Iringa. Utalipa nauli ya mzigo tu ukikipokea stendi. Ila mchanga usiuguse. Ukiutoa sasa utakata kila kimzizi kipya kilichoanza kuingia humo, na hivyo ndivyo vinavyotafutwa. Kikifika, kiweke mahali pakavu hadi Novemba. Magome tafuta mapema, yachekeche na yenyewe, uyaloweshe na kuyaacha kivulini yaendelee kuoza.

Mwezi wa nne niletee picha ya ncha za matawi kwa karibu, na picha ya upande mtupu mchana wa jua. Ukiona kitone cha kijani kwenye gome kabla ya hapo usisubiri mwezi wa nne, niandikie siku hiyohiyo.